Seli haishiki plastiki: plazma na sakafu ya nanomita

Mwaga maji juu ya jani la gimbi, kama yale yanayojaa kando ya vijito vya Rungwe, uone yanavyokataa kulowesha. Yanajikusanya kuwa matone ya mviringo, yanabiringika na kuondoka na vumbi. Wengi husema ni nta. Nta ipo kweli, lakini peke yake haifiki hapo: tone la maji juu ya nta iliyosawazishwa husimama kwa pembe (ile iliyo kati ya ukingo wa tone na uso, ikipimwa ndani ya tone) ya nyuzi 105 au 110 hivi, ilhali juu ya jani la gimbi pembe hiyo hukaribia au kupita 150. Tofauti inaletwa na umbo. Uso wa jani umejaa vinundu, na juu ya kila kinundu kuna vipande vya nta vidogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haivioni.

Kemia ya uso na umbo lake hufanya kazi pamoja vivyo hivyo pale wahandisi wanapotengeneza nyuso za kushikia seli hai: sahani za kuoteshea seli maabara, vipandikizi vya titani vya mifupa, bandeji za vidonda vya moto. Chombo chao kikubwa ni plazma, yaani gesi iliyopitishwa umeme hadi ikang'aa, si plazma ya damu. Makala hii inaeleza plazma hiyo inafanya nini hasa, na mtu anayeifanyia kazi kwenye mwinuko kama wa Mbeya au Iringa anapaswa kubadilisha namba zipi, maana maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari.

Mkeka kabla ya mgeni

Seli nyingi za mwili, kama za ngozi, mfupa na mishipa ya damu, haziishi zikielea. Zikikosa mahali pa kujishikiza hujiua zenyewe kwa utaratibu uliomo ndani yake. Ukizimwaga juu ya polistirini, plastiki ya sahani za maabara, iliyotoka kiwandani bila kutibiwa, chache hushika na nyingine hubaki zimejikunja kama punje, kisha hufa.

Kinachochanganya watu ni kudhani kwamba seli inaishika plastiki yenyewe. Haiishiki. Kimiminika cha kuoteshea kina seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, na seramu imejaa protini. Ndani ya sekunde chache tangu kimiminika kiguse uso, protini zimeshatua na kutandika mkeka. Seli huzama polepole na kufika dakika kadhaa baadaye, hivyo inachokigusa ni mkeka huo. Kwenye utando wa seli kuna protini ziitwazo integrini, kila moja ikiwa na kichwa cha upana wa nanomita 10 hivi (milimita moja ina nanomita milioni moja). Integrini hutafuta protini mahususi kwenye mkeka, hasa fibronektini na vitronektini, zikiwa zimekaa katika mkao unaoacha sehemu yao ya kushikwa ikiwa wazi.

Uso usiopenda maji huzikamata protini kwa nguvu mno. Zinafunuka, zinalala chali, na sehemu ya kushikwa inapotea. Isitoshe, albumini, ambayo ni nyingi kuliko zote kwenye seramu na haina cha kushikwa na integrini, huziba nafasi. Uso unaopenda maji kupita kiasi nao una tatizo lake: protini hazitulii, zinaoshwa. Kwa seli nyingi mshiko mzuri huonekana pale tone la maji linaposimama kwa pembe ya kati ya nyuzi 40 na 70. Polistirini mbichi iko kwenye 90 hivi, na kazi ya kwanza ya plazma ni kuishusha.

Kazi ya pili ni umbo, na hapa vipimo ni vya kushangaza. Majaribio ya nukta za dhahabu zilizopangwa kwa umbali maalumu, kila nukta ikiwa na nafasi ya integrini moja, yalionyesha kwamba nukta zikikaa karibu kuliko nanomita 60 hivi seli hujitandaza na kujenga mishiko imara. Zikiachana kwa zaidi ya nanomita 73 seli inasitasita, kwa sababu integrini zimetengana mno kuweza kukusanyika. Kwenye mirija ya oksidi ya titani, seli shina za mifupa zilishika vizuri juu ya mirija ya nanomita 15 na zikafa kwa wingi juu ya ile ya nanomita 100. Kemia ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni upana wa tundu.

Anayejua mashamba ya ngoro kule Mbinga atalielewa hili haraka. Wamatengo huchimba mashimo kwa safu kwenye mteremko mkali na kupanda mazao juu ya matuta yanayozunguka shimo. Mmea hausimami ndani ya shimo, unasimama kwenye tuta. Seli nayo ni kubwa mno kuingia kwenye tundu la nanomita 100, kwani ina upana wa mikromita 10 hadi 20 hata kabla ya kujitandaza. Inasimama juu ya kingo, na kinachoamua mambo ni upana wa kingo na umbali kati yake.

Moto usiounguza

Plazma ni gesi ambayo baadhi ya atomu zake zimeng'olewa elektroni. Jina hilo alilipa Irving Langmuir mwaka 1928. Radi inayopiga Uporoto ni plazma, cheche ya mchomeleaji vyuma ni plazma, na mwanga wa taa ya tyubu unaanzia kwenye plazma. Lakini ukigusa tyubu inayowaka haikuunguzi, ilhali cheche ya kuchomelea inayeyusha chuma. Tofauti yao kubwa ni kanieneo. Gesi ikibanana, elektroni zinagongana na molekuli mara nyingi mno na kuzigawia joto lote. Gesi ikiwa nyepesi, migongano ni michache. Elektroni zinabaki na nishati ya elektronivolti 1 hadi 5, ambayo kwa lugha ya joto ni zaidi ya nyuzijoto 10,000, na gesi yenyewe inabaki karibu na joto la chumba. Hiyo ndiyo plazma baridi, na ndiyo pekee inayofaa plastiki.

Elektroni hizo kali huvunja molekuli za gesi kuwa vipande vyenye njaa ya kuungana: atomu za oksijeni, radikali huru, ioni. Vipande hivyo vikifika kwenye plastiki, mambo manne yanaweza kutokea: uchafu wa mafuta unaungua na kuondoka, vikundi vipya vya kikemia vinapachikwa, uso unamomonyoka, au, ukiwa umeingiza mvuke wa asidi ya akriliki au alilamini, utando mpya mwembamba unajijenga juu yake. Oksijeni hupachika vikundi vyenye oksijeni, haidroksili na kaboksili. Amonia huleta vikundi vya amini. Agoni haipachiki kitu ila inaunganisha minyororo ya polima, na uso ukitoka nje unanyakua oksijeni ya hewani wenyewe.

Kuwasha, hatua kwa hatua

Kifaa cha kawaida ni chemba ya kioo au chuma yenye sahani mbili za elektrodi, jenereta ya mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, kisanduku cha kulinganisha umeme, pampu ya ombwe na vali ya kupimia gesi.

Anza na usafi. Polistirini isafishwe kwa alkoholi ya isopropili na kukaushwa. Asetoni isiikaribie, inaiyeyusha. Kioo kisafishwe kwa sabuni ya maabara, maji yaliyotoneshwa, kisha alkoholi. Vumbi la Julai na Agosti linahitaji kifuniko hata kwa zile dakika mbili za kutoka sinki hadi chemba, kwa sababu chembe moja ya vumbi ya mikromita 5 ni mlima juu ya sakafu ya nanomita, na kivuli chake kinabaki hata ukiipuliza baadaye.

Vuta ombwe hadi chini ya paskali 5. Hapa ndipo mwinuko unapoanza kudanganya watu. Geji ya saa inayopima tofauti na hewa ya nje imeandikwa hadi kasoro kilopaskali 100. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina kanieneo ya kilopaskali 83 hivi badala ya 101. Kwa hiyo sindano ikisimama kwenye kasoro 83, pampu imemaliza kazi. Hakuna hewa zaidi ya kutoa. Pampu nzima zimefunguliwa na kubadilishwa mihuri bure kwa sababu ya namba hii. Tumia geji ya kanieneo halisi, ya aina ya Pirani (inayopima jinsi gesi inavyopoza waya wa moto) au ya kiwambo. Ya Pirani ikumbukwe kuwa usomaji wake hubadilika na aina ya gesi.

Kisha pima uvujaji. Funga vali ya pampu na uangalie saa. Kwenye chemba ya lita 5, kanieneo ikipanda paskali 1 kwa dakika, hewa inayoingia ni kama sentimita ya ujazo 0.05 kwa dakika, ambayo mbele ya mtiririko wa oksijeni wa sentimita za ujazo 10 ni nusu ya asilimia moja. Inavumilika. Ikipanda paskali 20 kwa dakika, sehemu moja katika kumi ya gesi yako ni hewa, na nitrojeni itajipachika mahali ulipotaka oksijeni. Rangi nayo inasema: oksijeni safi hung'aa kwa weupe uliofifia, hewa huleta waridi na zambarau. Ukiona uwaridi kwenye plazma ya oksijeni, zima utafute muhuri mbovu.

Ingiza gesi hadi paskali 30 au 50, washa kwa wati 20 hadi 50, rekebisha kisanduku cha kulinganisha hadi nguvu inayorudi kwenye jenereta iwe karibu na sifuri. Kwa kubadilisha kemia pekee, sekunde 30 hadi 60 zinatosha. Hamu ya kuongeza muda ni kubwa, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko kosa lingine lolote. Polistirini ikitibiwa kupita kiasi, minyororo yake hukatika vipande vifupi vilivyojaa oksijeni. Vinaonekana kupenda maji sana, ila havijashikamana na kitu chini yake. Ukiweka kimiminika vinayeyuka, na seli zilizoshika siku ya kwanza zinabanduka siku ya pili kama rangi iliyopakwa juu ya vumbi. Dawa yake ni kuosha sampuli kwa maji yaliyotoneshwa na kupima pembe upya. Pembe ikipanda sana baada ya kuosha, ulikuwa unapima uchafu.

Kupima pembe hakuhitaji mashine ya gharama. Dondosha mikrolita 4 za maji safi, piga picha kwa simu ikiwa imelala usawa wa uso, kisha pima kimo cha tone, h, na upana wa kitako chake, d. Gawa 2h kwa d, tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo, uizidishe kwa mbili. Tone la kimo cha milimita 0.6 na upana wa milimita 4 linatoa 0.3, yaani nyuzi 16.7, na pembe ya mgusano ni nyuzi 33. Kwenye polistirini mbichi tone hilohilo litakuwa nusu duara, kimo nusu ya upana.

Hali hii mpya ya uso haidumu. Minyororo ya polima hujigeuza na kuficha vikundi vipya ndani, na uso unarudia tabia yake ya zamani: mpira wa silikoni kwa saa chache hadi siku chache, polistirini kwa siku na wiki. Sampuli ikitunzwa ndani ya maji hurudi nyuma polepole zaidi. Isipowezekana, andika muda uliopita kati ya plazma na kuweka seli, nao uwe uleule kila mara.

Mambo mawili kuhusu pampu, kwa sababu yanahusu usalama na umeme wetu. Pampu ya mafuta ya kawaida isivute oksijeni safi. Mafuta hayo, yatokanayo na petroli, yakikutana na oksijeni iliyokolea yanaweza kulipuka. Tumia mafuta ya pampu yenye florini au ubadilishe gesi iwe hewa kavu. Na umeme ukikatika pampu ikiwa inafanya kazi, ombwe la chemba linaweza kunyonya mafuta kutoka kwenye pampu hadi juu ya sampuli, kwa hiyo vali ya kujifunga yenyewe umeme unapokatika isiachwe kwenye orodha ya ununuzi. Utando wa mafuta hauonekani kwa macho, ila tone la maji litakuambia: pembe zitatofautiana kutoka kona hadi kona.

Kuchonga nanomita

Njia rahisi ya kupata umbo ni kuacha plazma ya oksijeni iendelee kumomonyoa kwa dakika kadhaa, kwa nguvu kubwa zaidi. Polima kama PMMA (plastiki ya akriliki) au PET (plastiki ya chupa za maji) haimomonyoki sawasawa. Inaota nyasi za nanomita. Chanzo kikuu ni kwamba ioni zinagonga elektrodi na kurusha chembechembe za aluminiamu, ambazo zikitua kwenye plastiki hugeuka oksidi isiyomomonyoka. Kila chembe inakuwa mwavuli, chini yake kijiti kinabaki. Kwa hiyo nyasi unazopata zinategemea kuta za chemba yako, na mapishi ya maabara nyingine hayatatoa zao lilelile. Nyasi zikirefuka sana, zinapoloweshwa na kukauka mvutano wa maji huziinamisha na kuzikusanya vichungu, kama mpunga ulioangushwa na mvua. Ukiona vichungu kwenye hadubini ya elektroni, punguza dakika.

Njia yenye nidhamu zaidi hutumia shanga za polistirini, tuseme za nanomita 500. Zinatandazwa juu ya maji hadi zijipange safu moja kama sega la nyuki, kisha zinaopolewa kwa kioo. Plazma ya oksijeni inazinyoa zikabaki, kwa mfano, nanomita 250, lakini vitovu vyake havisogei: umbali kati yake unabaki 500. Kisha unapaka juu ya yote utando wa plazma unaofukuza protini, uliojengwa kwa mvuke wa kimiminika kiitwacho digilaimu kwa nguvu ndogo sana ili molekuli zisivunjike ovyo. Ukiziondoa shanga kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji, pale zilipokuwa panabaki visiwa vinavyokubali protini katikati ya bahari inayokataa. Visiwa vimeachana zaidi ya nanomita 73, ndiyo, lakini kila kisiwa kina nafasi ya integrini nyingi zilizokaa karibu karibu, na kanuni ya umbali inatimia ndani ya kisiwa.

Shanga huharibika kwa joto. Polistirini hulegea karibu na nyuzijoto 100, na nguvu ikizidi shanga huungana badala ya kunyolewa. Washa sekunde 15, pumzisha dakika moja, rudia. Kasi ya kunyoa, ambayo mara nyingi ni makumi ya nanomita kwa dakika, ipimwe kwenye chemba yako mwenyewe.

Asiye na pampu anaweza kutumia plazma ya hewa wazi: elektrodi mbili, mojawapo imefunikwa kioo cha milimita 1 au 2 (kinachokatiza mkondo kabla gesi haijapata moto), pengo dogo, umeme wa kilovolti kadhaa wa masafa ya kilohezi. Hewa ya usawa wa bahari huvunjika kwa takriban kilovolti 3 kwa milimita. Ya Mbeya kwa kama 2.5, na Kitulo kwenye mita 2,600 chini zaidi. Volti za kwenye maelekezo zitatoa cheche nene zinazotoboa sampuli. Anza chini, panda taratibu. Kifaa hiki kinabadilisha kemia vizuri, umbo kwa bahati tu, na kinatoa ozoni, hivyo kiwekwe chini ya kivuta hewa.

Seli zinapoingia

Polistirini haiendi kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, itajikunja. Osha kwa ethanoli ya asilimia 70 chini ya kabati safi na suuza. Kioo na titani vinaweza, ila otoklevu nayo inadanganywa na mwinuko. Mvuke wa nyuzijoto 121 unahitaji kilopaskali 205 halisi. Pwani geji itasoma 104; Mbeya inapaswa kusoma 122. Ukisimamia kwenye 104 iliyoandikwa kwenye kitabu, ndani kuna nyuzijoto 118 tu, na dakika 15 hazitoshi kwa uhakika. Fuata kipimajoto, si kanieneo.

Inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, vilevile. Asilimia 5 ya kaboni dioksidi pwani ni kama kilopaskali 4.75 ukitoa mvuke wa maji. Mbeya asilimia 5 hiyohiyo inatoa 3.8. Asidi ya kimiminika inapungua, pH inapanda kwa karibu 0.1, seli zinashika vibaya, na lawama inaangukia plazma. Weka asilimia 6 na kidogo, kisha thibitisha kwa kupima pH ya kimiminika kilichokaa ndani usiku mzima.

Jaribio lenyewe liwe na nyuso nne kwa mkupuo mmoja: polistirini mbichi, sahani ya kuoteshea ya kiwandani, sampuli tambarare iliyopitia plazma ileile kwa sekunde chache, na sampuli yenye umbo. Weka idadi sawa ya seli, subiri saa mbili, suuza kwa upole mara mbili, hesabu zilizobaki; rudia kuhesabu baada ya saa 24. Sampuli tambarare ndiyo watu huiacha, na bila hiyo hakuna jibu, maana kila dakika ya kumomonyoa imebadilisha kemia pia. Anayetaka kutenganisha kabisa hupaka nyuso zote titani ya nanomita 10, ili kemia iwe moja na umbo litofautiane. Sampuli yenye umbo ikiishinda mbichi lakini ikalingana na tambarare, seli zimefuata oksijeni, na zile nyasi za nanomita hazikuongeza kitu.